Barua Pepe Zikikataliwa: Orodha Nyeusi Zinavyofanya Kazi na Namna ya Kulinda Jina la Mtumaji

Chukua kampuni ndogo ya utalii ya Arusha, yenye tovuti yake na anwani za barua pepe zinazobeba jina lake. Mei inakwisha, msimu wa Juni hadi Oktoba uko mlangoni, na maombi ya bei yanaingia kila siku kutoka Ujerumani, Uholanzi na Marekani. Yote yanajibiwa kwa uangalifu: ratiba ya Tarangire, Ngorongoro na Serengeti, gharama kwa kila mtu, picha za kambi. Kisha kimya. Mwenye kampuni anadhani bei yake iko juu, anaipunguza, na kimya kinaendelea. Mpaka mteja mmoja anapouliza kwa WhatsApp kwa nini hajajibiwa, ndipo inagundulika kwamba barua hazikuwa zikifika.

Hapo washauri hujitokeza wengi. Mmoja atasema hamia kwa mtoa huduma mwingine, mwingine atasema nunua domeini mpya, yaani jina jipya la tovuti na barua pepe, wa tatu atasema anamjua mtu anayeweza "kukutoa" kwa malipo kwenye orodha nyeusi, yaani orodha za wanaoshukiwa kumwaga barua taka. Ushauri huo hutolewa kabla ya yeyote kuuliza ni nini hasa kimekataa, nani amekataa, na kwa sababu gani. Nimeona fedha nyingi zikipotea kwa haraka hiyo, ndiyo maana naomba uvumilivu wa kulieleza jambo hili kuanzia mwanzo. Kwa biashara halali, kuorodheshwa huwa ni taarifa kwamba kuna kitu kingine kimeharibika. Anayekimbilia kufutwa jina kabla ya kukitafuta kitu hicho atarudi kwenye orodha ileile baada ya siku chache.

Anza na barua iliyorudi

Barua pepe hukwama kwa njia mbili kubwa. Katika ya kwanza, seva ya mpokeaji inaikataa mlangoni, na wewe unaletewa taarifa ya kurudishwa, mara nyingi kutoka kwa mtumaji anayeitwa Mailer-Daemon. Katika ya pili, seva inaipokea bila neno, kisha inaiweka kwenye folda ya barua taka, nawe huambiwi chochote. Ya kwanza inauma lakini inataja sababu. Ya pili ndiyo iliyoiumiza zaidi kampuni yetu ya Arusha, na nitairudia baadaye kwa sababu haitibiwi kwa dawa ileile.

Watu wengi hufuta taarifa za Mailer-Daemon bila kuzisoma kwa kuwa zimejaa namba na Kiingereza cha mashine. Zisome, jibu limo humo. Tafuta namba ya tarakimu tatu. Ikianza na 4, kama 421 au 451, umekataliwa kwa muda, na seva yako itajaribu tena yenyewe, pengine kwa siku kadhaa. Ikianza na 5, kama 550 au 554, umekataliwa kabisa. Jirani yake huwa kuna namba nyingine yenye nukta. 5.1.1 maana yake anwani uliyoandika haipo. Kundi la 5.7 linahusu usalama na sera, na hapo ndipo orodha nyeusi huonekana, mara nyingi kwa jina: Spamhaus, SpamCop, Barracuda. Lakini ukiona 5.7.26 kutoka Gmail, hujaorodheshwa popote. Gmail inasema imeshindwa kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako, na kwenda kuomba kufutwa kwenye orodha kutakuchelewesha tu.

Kwa nini orodha zipo

Itifaki inayosafirisha barua pepe, SMTP, iliandikwa na Jon Postel na kutolewa Agosti 1982 katika waraka unaoitwa RFC 821. Mtandao wa wakati huo ulikuwa wa vyuo, maabara na taasisi za serikali, na seva iliamini kila ilichoambiwa. Ukijitambulisha kuwa wewe ni fulani, basi ni fulani. Hata kabla ya hapo dalili mbaya ilikuwa imekwisha kuonekana: tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwatumia watumiaji karibu 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti, tangazo ambalo hawakuliomba. Mtandao ulipofunguliwa kwa biashara katika miaka ya 1990, matangazo ya namna hiyo yakawa mafuriko, na itifaki yenyewe haikuwa na kinga.

Kinga ilijengwa pembeni. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake walianzisha orodha ya RBL chini ya mradi wa MAPS. Mwaka uliofuata Steve Linford akaanzisha Spamhaus, na Julian Haight akaanzisha SpamCop. Wazo lilikuwa jepesi: anwani za IP (namba zinazotambulisha kompyuta mtandaoni) zinazomwaga taka ziandikwe mahali ambapo seva yoyote duniani inaweza kuuliza kwa haraka. Chombo cha kuulizia kilikuwapo tayari, yaani DNS, ule mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Tuseme seva yako ina anwani 192.0.2.10. Inapogonga kwa mpokeaji, seva yake inaigeuza namba nyuma mbele, inapata 10.2.0.192, inaongeza jina la orodha, mfano zen.spamhaus.org, kisha inauliza DNS: jina hili lipo? Likijibiwa halipo, hujaorodheshwa. Jibu likiwa kama 127.0.0.2, umo, na namba ya mwisho inaonyesha umo kwenye orodha ipi kati ya kadhaa. Yote hayo hufanyika kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mara nyingi kabla maandishi ya barua yako hayajapokelewa hata neno moja. Kwa hiyo kubadilisha kichwa cha habari au kuondoa picha hakusaidii kitu, maana barua yenyewe haijasomwa.

Hapa pana jambo ambalo ningependa kila msomaji aondoke nalo. Mwenye orodha hazuii barua yako. Yeye anachapisha maoni yake kuhusu anwani fulani, na anayefunga mlango ni mwenye seva ya mpokeaji, kwa hiari yake. Ndiyo maana barua ileile inaweza kufika Hamburg na kukataliwa Rotterdam siku moja. Kampuni moja ya matangazo ya Marekani, e360 Insight, iliishtaki Spamhaus katika mahakama ya Illinois. Spamhaus, iliyokuwa Uingereza, ilishikilia kwamba mahakama hiyo haina mamlaka juu yake na ikaacha kujitetea, na mwaka 2006 ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 11. Kesi ikapanda na kushuka hadi 2011, mahakama ya rufaa ilipoishusha fidia hiyo hadi dola 3, kwa kuwa kampuni ilishindwa kuthibitisha hasara iliyodai. Mwenye kutaka kutoka kwenye orodha kwa njia ya wakili aikumbuke hesabu hiyo.

Si kila alama nyekundu ni msiba

Kuna tovuti zinazopima anwani yako dhidi ya orodha nyingi kwa mkupuo, na mtu akiona alama mbili tatu nyekundu moyo unampasuka. Tulia kwanza. Orodha hizo hazina uzito sawa. Zile za Spamhaus huulizwa na watoa huduma wakubwa na wadogo duniani kote, kwa hiyo zina madhara ya kweli. Nyingine nyingi hazitumiwi na karibu mtu yeyote mwenye wateja wa maana. SORBS, iliyotajwa kwa miaka mingi, ilifungwa Juni 2024.

Hata ndani ya Spamhaus kuna tofauti. SBL ni orodha ya anwani zilizochunguzwa na kuhusishwa na utumaji wa taka, na hilo ni shutuma nzito. CSS hunasa kwa mashine watumaji wenye tabia mbaya, wakiwamo wanaosambaza taka kidogo kidogo kutoka anwani nyingi ili wasionekane. XBL huonyesha kompyuta zilizotekwa na virusi. DBL haihusu IP bali domeini, pamoja na zile zinazoonekana ndani ya viungo vya barua. PBL ni jambo jingine kabisa: humo zimewekwa anwani za intaneti ya nyumbani na ofisini ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja kwenda kwa seva za watu. Kuwa kwenye PBL si kosa. Ofisi inayotuma kupitia seva ya mtoa huduma wake kwa poti (mlango wa mawasiliano) ya 587, kwa jina na nenosiri, haina sababu ya kuguswa nayo. Ukikataliwa kwa sababu ya PBL, maana yake kuna kifaa au programu ofisini, pengine skana au mfumo wa ankara, kinachotuma barua chenyewe bila kupitia kwenye seva.

SpamCop hufuata ripoti za watumiaji, na jina hufutika lenyewe saa 24 baada ya ripoti ya mwisho. UCEPROTECT, orodha nyingine, ina ngazi tatu, na katika ya tatu huorodhesha mtandao mzima wa mtoa huduma kwa sababu ya wateja wake wabaya. Inatoa pia njia ya kulipia ili uondolewe haraka. Napinga utaratibu huo waziwazi. Mtu asiye na kosa hapaswi kulipa ili jirani yake asamehewe, na ngazi hiyo ya tatu haistahili kumnyima usingizi mwenye biashara ndogo. Spamhaus haidai hata senti kufuta jina. Yeyote anayekuambia atakutoa huko kwa malipo anakuuzia kitu cha bure.

Neno moja kwa wanaoendesha seva zao wenyewe, maana nao wanaweza kuwa ndio wanaozuia wengine. Spamhaus haijibu maswali yanayopitia DNS za umma kama 8.8.8.8 ya Google, hurudisha namba ya kosa, 127.255.255.254. Seva iliyopangwa vibaya huisoma namba hiyo kama "umo" na kukataa barua za kila mtu, za wateja na za benki. Tumia DNS yako mwenyewe, na uiagize seva iheshimu majibu yale tu unayoyafahamu.

Mwizi yuko ndani ya nyumba

Biashara halali huingiaje kwenye orodha? Mara nyingi kupitia nenosiri. Mfanyakazi anapata barua inayodai kikasha chake kimejaa, anabonyeza, anaandika nenosiri kwenye ukurasa wa bandia. Au anwani ya info@ inatumiwa na watu watano wenye nenosiri moja, jina la kampuni na mwaka. Usiku huohuo anwani hiyo inaanza kutuma maelfu ya barua za ulaghai, kupitia seva yako halali, kwa saini yako halali. Asubuhi umeorodheshwa, na kwa haki kabisa.

Kuna hasara nyingine inayopita hiyo. Aliyeingia kwenye kikasha hatumi tu, anasoma pia. Huweka kanuni ya siri ya kupeleka nakala za barua kwake, husubiri ankara ya safari, kisha humwandikia mteja kwamba akaunti ya benki imebadilika. Kwa hiyo unapobadilisha nenosiri, kagua pia kanuni za kupeleka mbele na vichujio vya kila kikasha, na washa uthibitishaji wa hatua mbili. Kuorodheshwa kunaweza kuwa kumekuokoa na wizi mkubwa zaidi uliokuwa unaandaliwa.

Njia ya pili ni tovuti. WordPress (mfumo wa kuendeshea tovuti) ambayo haijasasishwa, au plagini, yaani programu ya nyongeza, iliyoachwa na mtengenezaji wake, humpa mvamizi nafasi ya kuweka skripti ndogo inayotuma barua. Hata fomu ya mawasiliano isiyo na ulinzi inatosha: boti huandika anwani ya mtu mwingine mahali pa mtumaji na ujumbe wa taka mahali pa maelezo, kisha tovuti yako inamtumia mtu huyo "nakala ya ujumbe wako".

Ya tatu ni ofisi yenyewe. Kompyuta moja yenye virusi inatuma taka moja kwa moja kwa poti ya 25, na dunia inaona anwani ya IP ya ofisi nzima. Dawa yake ni ndogo na watu wengi wameisahau: kwenye ruta, zuia vifaa vyote visitume kwenda nje kwa poti ya 25, isipokuwa seva ya barua, kama unayo. Wanaotumia intaneti ya mitandao ya simu wajue pia kwamba wateja wengi huwekwa nyuma ya anwani moja ya umma, hivyo jina baya unaloliona kwenye anwani hiyo linaweza kuwa la mtu usiyemjua.

Kisha kuna majirani. Hositingi ya bei nafuu huweka tovuti mamia kwenye seva moja yenye anwani moja ya IP. Ni kama nyumba ya kupanga yenye mita moja ya umeme: mmoja akichomeka jiko usiku kucha, uniti zinakwisha kwa wote. Hapa huwezi kusafisha peke yako. Mwandikie mtoa huduma, mwambie anwani iliyoorodheshwa na orodha iliyoiorodhesha, na muulize amefanya nini. Mtoa huduma makini huwa na njia ya kutokea inayochujwa na hupunguza idadi ya barua kwa saa kwa kila mteja. Akijibu "subiri itatoka yenyewe" kwa mara ya tatu, hapo kweli umefika wakati wa kuhama.

Njia ya mwisho ndiyo inayoumiza kusema, kwa sababu hapa mwenye biashara ndiye mwenye kosa ingawa hakukusudia. Amenunua orodha ya "barua pepe 50,000 za wasafiri wa Ulaya". Ndani ya orodha kama hizo kuna anwani za mtego. Baadhi hazikuwahi kuwa za mtu. Ziliwekwa kwenye kurasa za wavuti ili waokotaji wazidake. Nyingine ziliachwa na wenyewe, zikafungwa kwa muda mrefu zikirudisha kila barua, kisha zikafufuliwa. Hakuna binadamu aliyeomba bei ya safari kwa kutumia anwani hizo, kwa hiyo ukiziandikia umejitaja mwenyewe.

Kuomba kufutwa

Ukishapata chanzo na kukiziba, angalia foleni ya barua kwenye seva na uifute taka iliyobaki. Wengi husahau hapa: wanabadilisha nenosiri, wanafutwa kwenye orodha, kisha barua elfu kadhaa zilizokuwa zimekwama kwenye foleni zinatoka na kuwarudisha walikotoka. Kumbukumbu za seva zitakuonyesha ni akaunti gani au ni skripti gani ilituma.

Maombi yenyewe yawe mafupi na ya kweli. Nenda kwenye tovuti ya orodha husika, ingiza anwani yako, usome sababu iliyoandikwa. Kisha eleza kilichotokea, lini, na ulichofanya: nenosiri la akaunti moja liliibwa, limebadilishwa, foleni imesafishwa, kiwango cha kutuma kwa saa kimewekwa. Usilalamike kwamba wewe ni kampuni inayoheshimika. Anayesoma anataka kujua kama taka imekoma. Kwa XBL na CSS unaweza kuomba mwenyewe. Kwa SBL maombi hupitia kwa mtoa huduma mwenye anwani hiyo ya IP, hivyo anza kwake. Na usihame kwenda IP mpya ili kukimbia tatizo ambalo hujalitatua. Kurukaruka kati ya anwani ni tabia ya wamwagaji taka, na mifumo imefundishwa kuitambua.

Hukumu ambayo haiko kwenye orodha yoyote

Sasa turudi kwa barua zilizopokelewa na kufichwa. Unapima anwani yako, kila kitu ni kijani, na bado Gmail inakuweka kwenye taka. Gmail, Outlook na Yahoo wana kumbukumbu zao wenyewe kuhusu kila IP na kila domeini, na hawazichapishi. Wanatazama mambo ambayo Spamhaus haiwezi kuyaona: wangapi walifungua, wangapi walijibu, wangapi walifuta bila kusoma, wangapi walibonyeza kitufe cha kuripoti taka. Hapo fomu ya kuomba msamaha haitoshi. Kinachoamua ni mwenendo.

Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameweka masharti wazi. Kila mtumaji, hata wa barua kumi, anatakiwa awe na uthibitisho wa SPF au DKIM (nitaueleza hapa chini), na IP yake iwe na jina kwenye DNS, yaani namba iweze kugeuzwa kuwa jina, kazi ambayo hufanywa na mtoa huduma mwenye IP. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwenye akaunti za Gmail lazima awe na SPF, DKIM na DMARC zote, na barua zake za matangazo ziwe na njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, ombi likitekelezwa ndani ya siku mbili. Ukifikisha idadi hiyo hata siku moja, Google inakuhesabu mtumaji mkubwa daima. Microsoft ilifuata na masharti yanayofanana kwa Outlook Mei 2025.

Kipimo cha malalamiko ndicho kinachopaswa kuogopwa zaidi. Google inataka yabaki chini ya asilimia 0.1 na yasifike kamwe asilimia 0.3. Fanya hesabu: kati ya barua 1,000, watu watatu wakiripoti taka umeshafika mpakani. Kwa kampuni inayotuma jarida kwa watu 200, mmoja tu aliyekasirika ni asilimia 0.5. Google hutoa huduma ya bure, Postmaster Tools, inayoonyesha kiwango hicho kwa domeini yako, ingawa ukituma barua chache sana inaweza isionyeshe kitu. Microsoft ina huduma yake, SNDS, kwa wenye IP zao.

SPF, DKIM na DMARC husikika kama uchawi, lakini ni mistari mitatu ya maandishi kwenye DNS. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, mfano: v=spf1 ip4:192.0.2.10 include:_spf.google.com -all. Makosa mawili hurudiwa kila siku. La kwanza ni kuwa na mistari miwili ya SPF kwa domeini moja, kila fundi akiongeza wake. Hapo yote inakuwa batili. La pili ni kurundika huduma nyingi hadi kuvuka maswali 10 ya DNS yanayoruhusiwa. DKIM hutia saini ya kidijitali kwenye kila barua, na saini hiyo husafiri nayo hata barua ikipelekwa mbele kwa anwani nyingine, jambo linaloiangusha SPF. DMARC huziunganisha: inadai kwamba jina analoliona msomaji kwenye sehemu ya mtumaji lilingane na lililothibitishwa na SPF au DKIM, na inasema barua isiyolingana ifanyweje.

Anza DMARC kwa p=none (usizuie chochote) pamoja na anwani ya kupokea ripoti. Ripoti hizo zitakushangaza. Utakuta mfumo wa uhasibu, huduma ya jarida na tovuti vyote vinatuma kwa jina lako na hakuna aliyekumbuka kuviandika kwenye SPF. Viweke sawa vyote, kisha panda kwenda quarantine (iwekwe kwenye taka), na mwishoni reject (ikataliwe), ambayo ndiyo inayomzuia tapeli kutumia domeini yako hasa kwa ankara bandia. Anayeruka moja kwa moja kwenda reject huzuia barua zake mwenyewe. Na ieleweke: mistari hii haikufanyi uwe mwema. Mmwaga taka naye anaweza kuwa nayo yote mitatu. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba sifa unayoijenga, nzuri au mbaya, inaandikwa kwa jina lako na si la mwingine.

Kwa hiyo sifa hujengwa na yale unayoyatuma. Tenga njia: ankara na majibu ya wateja yapite kwenye domeini kuu, jarida na matangazo yapite kwenye tawi lake, mfano habari.mfano.co.tz, ili jarida likichukiwa ankara zisizame nalo. Andikia waliokubali tu. Kadi ulizokusanya kwenye maonyesho ya utalii, au anwani ulizozitoa kwenye kundi la WhatsApp, si ridhaa, na hapa sheria nayo inazungumza: Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na anwani ya barua pepe ya mtu ni taarifa yake binafsi. Kiungo cha kujiondoa kionekane, kisifichwe kwa herufi za kijivu. Anayekikosa atabonyeza kitufe cha taka, na hicho ndicho kinachokugharimu. Anwani iliyorudisha 5.1.1 iondoe mara moja. Msomaji ambaye hajafungua chochote kwa mwaka mzima muulize mara moja kama bado anataka, asipojibu muache.

Domeini au IP mpya haina sifa mbaya, lakini haina nzuri pia. Anza na barua chache kwa siku, kwa watu wanaokujua na watakaojibu, uongeze polepole kwa majuma kadhaa. Kutuma 10,000 siku ya kwanza ni kuomba kufungiwa.

Imebaki kazi moja ambayo kampuni yetu ya Arusha haiwezi kuikwepa. Barua zilizokataliwa kwa 550 hazitajituma tena zenyewe baada ya jina kufutwa kwenye orodha, na zile zilizolala kwenye folda za taka za wateja hazitahamia kwenye kikasha. Inabidi mtu akae na folda ya zilizotumwa, arudi nyuma hadi siku ya mwisho mteja yeyote alipojibu, na atoe orodha ya kila aliyeandikiwa tangu hapo. Waliotaka kusafiri Juni na Julai wapigiwe simu au waandikiwe WhatsApp leo. Wa Septemba waandikiwe upya, kila mmoja barua yake, chache kwa siku, kwa bei ile ya kwanza kabla haijapunguzwa.